Nilimsifu mavyaa, akajifunika

SWALI

Somo, asalaam aleikum.

Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Mikindani, hapa Mombasa. Wazazi wangu walitoka bara, lakini mimi bara naijua kwa likizo tu. Kazi yangu ni ufundi wa nguo. Nina kibanda upande wa Mwembe Tayari, cherehani mbili na oveloki moja. Nashona madera, mabuibui, magauni ya harusi, na Januari ikifika sare za shule. Nimeposwa na kijana wa Mji wa Kale, na Mungu akijaalia tutafunga nikaha baada ya wiki saba.

Linaloniumiza kichwa ni neno moja: kutokelezea.

Hapa kibandani nalisema kutwa. Mteja anajaribu gauni, anasimama mbele ya kioo, namwambia, "Dada, umetokelezea." Anageuka kushoto, anageuka kulia, anatoa simu ajipige picha, analipa kilichobaki bila kubishana. Kwetu sisi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ukimwambia mtu amependeza ni sawa, lakini kupendeza hata mtoto wa madrasa siku ya Idi anapendeza. Kutokelezea ni pale nguo, viatu, mkoba na mtandio vimekubaliana, mtu akipita watu wanageuza shingo.

Sasa, wiki mbili zilizopita tulialikwa kwenye kupamba, ile shughuli ya wanawake ya harusi, kwa binamu yake mchumba wangu. Niliposhuka kwenye tuktuk nilimkuta mavyaa wangu mtarajiwa, mamake mchumba, amesimama nje ya ukumbi na shoga zake watatu na wifi yangu, wanangojana waingie. Alikuwa amevaa gauni la lesi rangi ya samli, buibui la mbele wazi juu yake, mtandio wa rangi moja na gauni, na dhahabu zake. Somo, mimi ni fundi, nguo nzuri nikiiona siwezi kunyamaza. Nikasalimu, nikampa mkono, kisha nikasema kwa sauti na kwa furaha: "Mama, leo umetokelezea mbaya!"

Hakunijibu. Mkono wake ulikwenda kifuani, akavuta mtandio. Akatazama chini kwenye pindo la gauni, akajigeuza kidogo kama anayetafuta kitu nyuma yake. Akamnong'oneza wifi, wifi akacheka huku amejiziba mdomo. Shoga zake wakatazamana. Mama akafunga buibui mpaka juu, akasema, "Haya mwanangu, tuingie." Ndani tulikuwa wanawake watupu. Wenzake wote walivua mabuibui wakayakunja wakayatia mikobani. Yeye peke yake alikaa nalo limefungwa hadi shingoni mpaka shughuli ikaisha, na joto lile.

Siku nne baadaye alikuja mtoto wa jirani yao kibandani: "Bibi asema umpe kitambaa chake." Ni lesi ya mita tano na nusu aliyoniletea mwenyewe nimshonee gauni la nikaha ya mwanawe. Nilikuwa sijaikata. Nikaikunja pamoja na bitana yake, nikatia mfukoni, nikampa mtoto.

Nilipomuuliza wifi aliniambia, "Mama hapendi lugha za steji." Mchumba wangu anacheka, anasema mamake ni mtu wa kale, atazoea. Shoga yangu tunayefanya kazi pamoja ananiambia, "Leo ukiomba msamaha kwa neno, kesho utaomba msamaha kwa kabila." Mimi nimegawanyika. Neno lile si tusi. Nikiomba radhi, nimekubali kwamba nilimtukana. Nisipoomba, naingia nyumba ile na nongwa kabla ya pilau ya harusi kuliwa. Halafu ukoo mzima unajua kwamba mimi ndiye fundi wake; akija na gauni la fundi mwengine siku ya nikaha, kila mtu atauliza.

Hili neno lina ubaya gani? Na nifanye nini?

Fundi wa Mikindani

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera ya posa.

Ulimsifu mama kwa neno ambalo kwako ndiyo sifa ya juu kabisa. Yeye akanyamaza, akajifunika, kisha akatuma kitambaa kirudishwe. Wifi amekupa sababu moja, kwamba ni lugha ya steji, ya vijana wa vituo vya matatu. Ya pili umeiongeza wewe: kwamba ni kwa kuwa nyumbani kwenu ni bara. Hukuiandika waziwazi, lakini shoga yako kaitaja na wewe hukumkatalia.

Yawezekana. Mji wa Kale una watu wenye wivu na lugha yao, na hawakuamka siku moja wakawa hivyo. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapahapa Mombasa wa kuamua Kiswahili cha kutumiwa mashuleni na vitabuni, na kilichochaguliwa kuwa msingi kikawa Kiunguja cha Zanzibar, Kimvita cha Mombasa kikaachwa nyumbani kwake. Wazee waliosahihishwa darasani kwa kusema kama mama zao huwa na sikio jepesi likija neno jipya kutoka kwengine.

Lakini hebu yaache masikio kidogo, tuitazame mikono. Mtu aliyechukizwa na lugha hukunja uso, au hujibu mkato, au husahihisha: "Sisi hatusemi hivyo." Mama huyu alivuta mtandio. Akakagua pindo. Akageuka kuangalia nyuma. Akafunga buibui na hakulifungua tena, kwenye ukumbi usio na mwanamume, kwenye joto, wenzake wote wamevua. Wewe mwenyewe ndiye uliyeyaona haya na kuyaandika yalivyo, kisha ukayapita. Mimi nayaona kama dalili za mtu aliyeambiwa kwamba nguo yake ina kasoro.

Nikuulize kwa ufundi wako. Mteja amevaa gauni, shimizi inachungulia chini ya pindo. Unamwambia nini? Bila shaka unamwambia shimizi imetokeza.

Tokelezea lenyewe halina kosa la maumbile. Toka, tokea, tokelea, tokeleza, tokelezea: liweke kando ya enda, endea, endelea, endeleza, endelezea, utaona viungo ni vilevile. Ni Kiswahili hadi mifupani. Maana yake ya kawaida ni kujitokeza mahali, mtu hakutarajiwa mara huyo hapo mlangoni. Kilichoongezwa na vijana ni kuipeleka maana hiyo kwenye mavazi, na wala hawakwenda mbali, kwani tayari twasema picha imetoka, fulani ametoka vizuri. Aliyetokelezea ni aliyetoka vizuri kabla ya kupigwa picha.

Na mtego uko hapo hapo. Ungemwambia "umepiga luku", neno lililotoka Kiingereza, angekuuliza luku ni nini, ungemweleza, mngecheka. (Mgeni wa Dar es Salaam angedhani unazungumzia mita ya umeme, lakini hayo ya Dar.) Neno la kigeni hujitangaza kwamba ni geni. Lililozaliwa na toka halijitangazi, na msikilizaji hajui kwamba kuna asilolielewa. Kaelewa, ila kaelewa jingine. Kwa mama wa makamo, jirani wa karibu wa tokelezea ni tokeza, na kutokeza ni kuchomoza: mfupa umetokeza, msumari umetokeza ubaoni, meno yametokeza. Mwanamke kavaa lesi, kitambaa cha matundu, buibui limeachwa wazi mbele, yuko barabarani na madereva wa tuktuk wanapita. Akisikia neno lenye mlio huo, mkono utakwenda wapi kama si kifuani?

Kisha ukaongeza mbaya. Katika Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, mbaya ni ya kuzidisha tu, nimechoka mbaya, njaa inaniuma mbaya. Haina ubaya ndani yake, na ndiyo maana umeiandika baruani bila kuitazama mara mbili. Ukaniuliza ubaya wa tokelezea, nayo mbaya imekaa pembeni imenyamaza. Itoe kwenye Sheng uisikie: "Futa hiyo, nimetoka mbaya." Nani hajawahi kusema hivyo akiona picha asiyoipenda? Sasa yapange kama yalivyofika kwake. Leo. Umetoka, na mkia wa neno asioujua. Mbaya. Kwa sauti, kwa furaha, mbele ya shoga zake watatu.

Hata hiyo leo ina mwiba mdogo. "Leo umependeza" kati ya marafiki hujibiwa kwa utani, kwani jana nilikuwaje? Kwa mtu mzima utani huo haupo, hubaki mwiba wenyewe. Na kuna neno ambalo hukulisema kabisa. Pwani mtu mzima akisifiwa mavazi, umbo au mtoto bila mashallah, moyo wake hushtuka hata kama anayesifu hana kijicho. Mashallah hutangulia. Ikija baada ya watu kutazamana inakuwa kiraka.

Siwezi kuingia moyoni mwa mama nikakuapia kwamba ndivyo alivyosikia. Nakuonyesha tu kwamba iko njia ya tatu, ambayo ndani yake wewe hukutukana na yeye hakukudharau.

Ukiniuliza neno lina ubaya gani, basi, nakurudishia swali: laishi wapi? Kibandani kwako liko nyumbani. Nawe walijua vizuri, kwa kuwa umetofautisha kupendeza na kutokelezea bila kufundishwa na mtu. Uzuri wa kuzaliwa nao hauhusiki hapa. Aliyetokelezea amefanya kazi, kachagua, kapiga pasi, kalinganisha rangi. Ndiyo maana sifa hii yampendeza na fundi pia. Vilevile hukaa zaidi na -me-, kwa kuwa ni hali iliyokwisha kufikiwa: umetokelezea, ametokelezea na kanzu mpya, na hiyo "na" ndiyo inayolitaja vazi. Ukilitia kwenye -na-, "anatokelezea", maana yaweza kurudi kwenye kujitokeza mahali. Na ni neno la rika. Kijana kwa kijana, shoga kwa shoga, mtangazaji wa redio kwa wasikilizaji wake. Likipanda ngazi kwenda kwa mkwe hubadilika uzito, hata kama msemaji hakubadilisha kitu.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo ningependa ulifikirie tena. Umesema kupendeza ni sifa nyepesi. Kwa rika lako ndiyo, limetumika likachakaa. Kwa mama halijachakaa. "Mashallah mama, umependeza" kwake ni sahani iliyojaa. Ukitaka kuonyesha jicho la fundi, isifu nguo ilivyomkaa: "Mashallah, lesi hii imekukaa." Umeifikisha sifa bila kuugusa mwili wake mbele ya watu. Umeng'ara nalo halina matata. Mwanamume mwite mtanashati au nadhifu. Malidadi achana nalo, lina harufu ya kujishaua.

Na usidhani kwamba maneno ya namna hii hubaki chini milele. Mlimbwende lilikuwa neno la kumbeza mtu apendaye mno kujipamba. Leo magazeti yanaandika mashindano ya ulimbwende na mshindi anavishwa taji. Kipusa ni pembe ya kifaru, sasa ni msichana mzuri. Huenda tokelezea nalo likapanda. Lakini halitapanda ndani ya wiki saba.

Tuje kwenye la kufanya. Mlango wa kwanza unaoonekana ni mchumba wako. Anacheka, na simlaumu, ila "atazoea" ni dawa ya mtu asiyeumwa. Tatizo la kumtuma yeye ni lile jambo lenyewe. Kama mama alidhani mwili wake ulionekana, mwanawe wa kiume ndiye mtu wa mwisho anayetaka kuzungumza naye habari hiyo. Atamjibu "hakuna neno, baba," na mlango utafungwa. Mchumba anaweza kukusaidia kwa kingine, kukwambia mama hupokea wageni saa ngapi, na nani huwa naye.

Wifi ndiye pekee anayejua mama alinong'ona nini. Ulimuuliza kwa nini mama amekasirika, akakupa maelezo yake, na hayo ya lugha za steji huenda ni yake kuliko ya mama. Ungeweza kumuuliza jingine, dogo zaidi: "Siku ile mama alikwambia nini pale nje?" Kama jibu ni "aliniuliza wapi panaonekana", umepata ufunguo. Kama jibu ni "alisema huyu mtoto hana adabu", pia umejua unaingia wapi. Hatari ya wifi ni kwamba swali litafika kwa mama kabla yako, na safarini huenda likanenepa. Muulize uso kwa uso, usimwandikie kwenye simu. Ujumbe wa simu huonyeshwa watu.

Kwenda mwenyewe kuna uzito na kuna faida. Baada ya alasiri ni wakati mzuri, si asubuhi jiko likiwa motoni, si siku yenye wageni. Waweza kwenda na mamako au mtu mzima wa kwenu. Lakini wakiwa wawili watatu yageuka kesi, na kesi hutaka mkosaji. Ukienda peke yako, yabaki mazungumzo. Kuhusu kuomba radhi, nadhani umejifunga kwa fundo lisilokuwepo. Umeona mawili tu, kukubali tusi au kukaza shingo. Kiswahili kina nafasi katikati. Mtu huomba radhi kwa lililompata mwenziwe, hata kama hakulikusudia: ukimkanyaga mtu kwenye feri ya Likoni wasema niwie radhi, na hakuna anayedhani umekiri vita. Maneno yaweza kuwa haya, au yako mwenyewe: "Mama, siku ile nilikusifu kwa neno la vijana. Baadaye nikaogopa huenda ulisikia kwamba nguo yako ina kasoro. Haikuwa na kasoro, ilikuwa nzuri mno. Niwie radhi kwa kukutia wasiwasi mbele ya wenzako." Kisha unyamaze. Usimfundishe toka na tokea na tokelea. Hayo nimekueleza wewe kwa sababu umeuliza. Mama akielezwa Kiswahili na mkwe wa kesho, hilo ni jeraha la pili.

Hatari iliyopo ni kwamba alikwisha kusahau na wewe ukalifufua, au kwamba kweli alichukia Sheng na sasa atapata nafasi ya kukwambia. La pili si baya sana kama unavyolihofia. Afadhali kulisikia sebuleni mkiwa wawili kuliko kulisikia ukumbini kwa fumbo.

Wengine wangekwambia umpelekee leso, yaani kanga. Ni njia ya watu wa hapa na ina ladha yake, lakini leso inasema, na uliyeponzwa na neno moja usiende ukaponzwa na jina zima, ule msemo ulioandikwa juu yake. Ukifika Barabara ya Biashara usichague kwa rangi. Mwombe muuzaji aikunjue, ulisome jina lililoandikwa juu ya pindo la chini, kisha ulisome tena kama mtu mwenye kinyongo. Nani kama mama halina njia ya kupindwa. Wasemao na waseme, hata likiwa kwenye rangi nzuri kiasi gani, ni kutangaza ugomvi. Hata methali ya heri yaweza kuwa jiwe: Akiba haiozi kwa mtu aliyekutumia mtoto kuchukua kitambaa itasomeka vibaya. Ukiona mashaka, chukua kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi, ambayo kwa kawaida haina jina, na asiyesema hasemewi. Leso huuzwa mbili kwa pamoja hazijakatwa. Kwa mwengine ungempelekea hivyo hivyo. Wewe ni fundi, ikate katikati, uipinde ncha zote nne kwa pindo jembamba, uifue mara moja itoke wanga na uipige pasi. Mama ataiona kazi ya mkono wako kabla hujafungua mdomo. Upande wake mbaya ni kwamba zawadi iliyotangulia maneno huweza kuonekana kama hongo, na ikipokewa kimya utarudi nyumbani hujui lolote.

Au ukae kimya. Wapo wazee wanaopenda jambo lipite bila kutajwa, na ukilitaja ndipo unapowaudhi. Wewe utamjua kuliko mimi. Ila kimya kina mashahidi watatu waliotazamana pale nje, nao hawajaambiwa chochote, na watu wasioambiwa hujitungia.

Kitambaa nacho. Mtoto alisema "Bibi asema umpe kitambaa chake", hakusema kwa nini. Umeziunganisha siku nne na neno lako, na huenda zimeunganika. Lakini zipo sababu za kifundi ambazo wewe ndiye wa kwanza kuzijua: labda aliambiwa sare ya ukoo ni rangi nyingine, labda anataka kupeleka kipande dukani kulinganisha mtandio, labda ameona bitana haitoshi. Au, kama nilivyosema, amekaa usiku mzima akiamini lesi imemwaibisha, na sasa hataki lesi kabisa. Hilo la mwisho ukiligundua utakuwa umepata mazungumzo ambayo hayahitaji neno kutokelezea wala radhi. Unaweza kumwendea kama fundi: "Mama, nimefikiria lesi ile, nataka nikuulize wapi ungependa isitiri."

Na hapo una majibu mkononi. Magauni mengi ya lesi hutiwa bitana kiwiliwili tu, mikono na juu ya kifua huachwa hivyo hivyo, mwanga ukipita nyuma yote yasomeka. Mita tano na nusu zatosha: mita tatu na nusu za gauni refu la mikono mirefu, mbili za mtandio. Ila bitana usiikate kwa kipimo hicho mpaka umjue atakavyo. Ipeleke hadi kwenye mkono wa nguo na ipande mpaka kwenye kola. Usimpime juu ya buibui, wengi hufanya hivyo kwa haya na gauni likatoka pana mabegani na fupi mbele. Mwombe avae dera jepesi, wewe na yeye chumbani, tepu ipite kifuani bila kukaza, kisha uongeze inchi nne za nafasi. Urefu upime mara mbili, amesimama na amekaa chini mkekani, kwa sababu gauni hupanda mtu akikaa, na kwenye nikaha atakaa. Chini uache inchi mbili na nusu za akiba, na pindo ulishike kwa mkono kwanza kabla ya mashine, ili akisimama mbele ya kioo akasema teremsha, uteremshe palepale.